Barua ya malalamiko: kabureta mliyoiharibu na risiti mliyoifutia masizi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: PIKIPIKI YANGU KULA MAFUTA NA KUTOA MOSHI MWEUSI BAADA YA KUTENGENEZWA KWENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa adabu, na naomba adabu hiyo isichukuliwe kuwa ni unyonge. Kumbukumbu za kazi mnazo, masharti ya dhamana mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo sitawasomea maandishi yenu. Naanza na Jumamosi.

Jumamosi nilifika kaunta kwa mara ya tatu, tatizo ni lilelile. Mkononi nilikuwa na plagi ya kuwashia injini niliyoichomoa asubuhi hiyo, nimeiviringishia karatasi, nyeusi tii kuanzia kwenye ncha hadi kwenye kauri. Niliifungua mbele ya fundi wenu mkuu nikamwomba aitazame. Hakuitazama. Aliipitishia kidole, akakiinua juu wenzake wakione, akasema: “Mzee, pikipiki imechoka kama mwenyewe. Ringi zimekwisha hizo, lete tufungue injini.” Kisha kidole kile akakifuta kwenye risiti yangu iliyokuwa juu ya kaunta. Wenzake wakacheka. Nikakusanya vitu vyangu nikaondoka, maana ningebaki ningetamka maneno ambayo mtu mzima hatakiwi kuyatamka.

Mimi pikipiki hii niliwaletea ikiwa na kasoro moja: gasketi ya bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa inavuja. Niliomba gasketi ibadilishwe, basi. Nyinyi, kwa ukarimu ambao sikuuomba, mkaweka na jeti na sindano, zinazopima petroli inayoingia, na vali ya floti, inayoizuia bakuli likijaa, vyote vipya vya kwenye pakiti. Tangu siku hiyo inawaka alfajiri ya baridi bila choki ya kuongezea mafuta, jambo ambalo fundi wenu alilisifu, kumbe kwa anayejua ni dalili kwamba mafuta yamezidi. Ikishapata moto inakata. Ukivuta resi inagugumia kama mtu aliyepaliwa, ekzosi inatema moshi mweusi, na tangi lililokuwa linanipeleka siku nne sasa halifiki siku ya tatu.

Mara ya pili nilipokuja, mlizungusha skrubu ya hewa raundi moja, mkasikiliza injini ikiwa imetulia bila resi, mkaniambia tayari. Skrubu ile kazi yake kubwa ni huko chini, kabla hujavuta resi. Mimi nililalamikia katikati kwenda juu, ambako sindano na jeti kubwa ndizo zinazotawala. Nilisema hivyo siku ileile. Nikajibiwa kwamba mafundi ni wao.

Sasa hizo ringi, pete za pistoni zinazozuia oili isipande. Ringi zikichoka oili inaungua, moshi unakuwa wa bluu, na plagi inatoka imelowa, inang'aa. Moshi mweusi ni petroli isiyoungua vizuri, na plagi yake ina masizi makavu, mepesi, kama yale ya chemni ya taa. Haya hayahitaji cheti.

Ndiyo maana naomba nirudi pale kaunta, kwa sababu kila nikikumbuka naona zaidi. Jibu lilikuwa kwenye kidole chake mwenyewe! Masizi yalitoka makavu, yakamwagika hadi juu ya kaunta. Yangekuwa ya oili yangenata. Aliunyanyua ushahidi mzima, akauonyesha watu, na bado akasema ringi. Halafu hakukifuta kidole kwa bahati mbaya, kama mtu aliyekosa kitambaa. Kitambaa kilikuwa begani kwake. Alikifuta polepole, mara mbili, juu ya mhuri wenu, palipoandikwa kazi imekaguliwa. Kwenye benchi kulikuwa na kijana, mteja mwenzangu, umri wa mwanangu wa mwisho. Yeye ndiye aliyeinamisha macho.

Jioni ya siku hiyo nilifanya ambayo nyinyi mlishindwa kwa safari tatu. Niliacha injini inanguruma nikafunga koki ya mafuta. Bakuli lilipoanza kukauka injini ikatulia, ikaitika resi kama zamani, kwa muda mfupi, kisha ikazima. Pikipiki inayopona mafuta yanapopungua ilikuwa inazama kwenye mafuta. Nikachomeka mpira wa kuonyesha, ule unaoona petroli ndani yake, kwenye tundu la kumwagia, nikausimamisha kando ya kabureta na kulegeza skrubu: petroli ikapanda ikapita maungio ya bakuli, wakati ilitakiwa ikomee chini yake kidogo. Nikafungua. Kiulimi cha floti kimepindwa, vali inachelewa kufunga. Jeti kubwa mliyoweka imeandikwa 120, tundu pana zaidi; yangu ilikuwa 105. Klipu ya sindano mmeishusha mfereji wa mwisho, kwa hiyo sindano imepanda juu na kuachia njia. Makosa matatu, na yote yanaongeza mafuta.

Nilichomoa pia kijiti cha oili. Oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Injini haizai oili, Ndugu Meneja. Nimekuwa nikiendesha na oili iliyochujuka, petroli ikiosha kuta za silinda, na kama ringi zitakuja kuchoka kweli, nitajua nani alizichosha.

Na jeti yangu ya asili? Niliiulizia safari ya pili. Mlisema imetupwa. Nani aliwaruhusu kutupa mali yangu?

Nilipokaa kuandika nilitaka nirudishiwe malipo ya kazi tu. Sasa nataka malipo yote, pamoja na ya vipuri ambavyo sikuagiza. Nataka jeti namba 105 halisi, si ya kwenye pakiti, plagi mpya, na oili mpya kwa gharama yenu. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na fundi yule kwa mkono uleule, na wewe Meneja usaini chini yake. Na kipimo cha mgandamizo wa silinda kifanywe na gereji nitakayoichagua mimi, bili ije kwenu. Kikionyesha silinda imekwaruzika, dai hili litakuwa la injini nzima.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Siku ya nane sitapiga simu kuwakumbusha; nitaipeleka kwa wanaotetea haki za walaji, na kutoka huko mahakamani, nikiwa na kabureta, mpira wa kuonyesha na plagi kwenye karatasi yake.

Nimeambatanisha nakala ya risiti. Halisi ninabaki nayo, alama ya kidole inaonekana vizuri. Mkitaka kuikagua pikipiki mtanifuata nilipo. Kwenye kaunta ile sirudi.

Wenu,
Mteja mwenye pikipiki iliyochoka