Barua kwa mwanangu aliyeko chuoni Dar es Salaam

Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi sote hapa nyumbani tu wazima, alhamdulillah, ila bibi yako macho yamezidi kumsumbua. Nimeona bora nikuandikie kuliko kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu hukawii kuniambia "sawa mama", na mazungumzo yakaishia hapo.

Dada yako amenieleza ulivyomjibu mwalimu mkuu wa skuli yetu, alipokuomba uje likizo hii uwasomeshe hesabu na fizikia watoto wa kidato cha nne, ambao mtihani wao ni Novemba na mwalimu wa masomo hayo hawana. Ulimwambia kwamba hukwenda kusomea uhandisi ili urudi kushika chaki bila ya malipo. Tangu niliposikia maneno hayo roho yangu haijatulia. Siogopi kwamba utafeli, kwa kuwa akili Mwenyezi Mungu amekupa, na hapa mtaani sina mkutano ambao sikutaji. Ninachokiogopa ni usije ukasoma mpaka ukawaona watu wako si kitu.

Chuo hicho unachosoma, mtu wa kwanza kuwa Mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyerere. Mkuu wa Chuo si mtu wa kusomesha wala wa kuendesha kazi za kila siku, kwani hizo anazo Makamu wake, na wapo waliolivaa joho hilo siku ya mahafali tu. Yeye alikabidhiwa mwaka 1963, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipokuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na chuo hicho kilipogawanywa mwaka 1970 akaendelea na cha Dar es Salaam hadi 1985. Najua huku visiwani wapo wasiolitaja jina lake kwa furaha, na sababu zao wanazo. Mimi leo sizungumzii siasa, nazungumzia namna alivyolishika jambo hili la wasomi na watu wao.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao katika muda huo. Mwalimu alighadhibika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Mimi ni mzazi, siwezi kusifu watoto kufukuzwa chuoni, na hata leo naona adhabu ile ilikuwa nzito mno. Lakini siku ile ile aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu vijana walimwambia kwamba wakubwa wanahubiri kujitolea huku wao wakineemeka, naye akaona katika hilo wana haki. Hapo ndipo ninapokutaka utazame, mwanangu. Aliwataka wengine watoe, naye akatoa.

Na mwaka 1970, mwaka ule ule chuo kiliposimama peke yake, aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ili wakulima waliokosa skuli wajue kusoma na kuandika. Mtu mmoja, mwaka mmoja, alikuwa na joho la chuo kikuu na akahangaikia mzee asiyejua kuandika jina lake. Alikuwa akisema kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Akishiba asirudi, amewasaliti.

Usiniambie kwamba hayo ni ya bara. Chuo Kikuu chetu cha Taifa, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, Mkuu wake ni Rais wa Zanzibar. Ukijiuliza kwa nini nchi humpa cheo hicho mkubwa wake kuliko wote, mimi naona ni kwa sababu chuo ni mali ya wanaokilipia, na wengi wao hawatauona hata mlango wake. Hao watoto wa kidato cha nne ni katika wanaokulipia. Wanachuma karafuu na kuchambua makonyo usiku, na kodi inatoka humo humo.

Nakumbuka sisi wazee wako tulikuwa tukikuhimiza usome ili upumzike na jembe. Pengine neno hilo ulilisikia kwetu mara nyingi kuliko neno jengine lolote.

Karafuu mwaka huu zimezaa vizuri, lakini wachumaji ni wa shida na mvua zinatuchelewesha kuanika, kwa hivyo majamvi tunayatandika na kuyakunja kutwa. Bati la jikoni linavuja upande wa kisimani. Baba yako anasema tusubiri mpaka tuuze, naye ameshawaahidi mafundi. Fedha ya viatu nitakutumia tukishapeleka gunia la kwanza kituoni, na usimkope mtu kabla ya hapo. Ami yako anauliza kama ile dawa ya miguu inapatikana Kariakoo.

Sikuamuru, kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima, na kazi ya kulazimishwa watoto wataitambua siku ya kwanza tu. Lakini nataka unijibu wewe mwenyewe, si kupitia kwa dada yako: utakuja au hutakuja? Ikiwa una kazi ya malipo huko Dar es Salaam na unaihitaji, niambie ukweli, basi tuone hata wiki tatu zitapatikana vipi. Nauli ya boti kuja na kurudi ni juu yangu. Mwalimu mkuu anapanga ratiba yake Ijumaa ijayo, na nimemwomba asiandike jina la mtu mwengine mpaka nipate jawabu lako.

Ni mimi mama yako mzazi.