Bajeti ya utafiti igharamie na mabaki ya viyeyushi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie viyeyushi vya maabara, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu vingine kama heksani, asetoni, methanoli na diklorometheni, ambavyo watafiti wa vyuo vikuu huvitumia kila siku na ambavyo, vikishatumika, huwa havina mwenyewe. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Kigoma. Mkoa wetu umechaguliwa kuwa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, kwa hiyo maabara zitaongezeka, na ni vyema jambo hili likawekwa sawa mapema.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka huohuo iko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi msingi kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Wakati kemikali inaingia, taratibu hufuatwa kwa kiasi cha kuridhisha: vibali huombwa, alama za hatari kwenye lebo hufundishwa, na karatasi za taarifa za usalama huwekwa kwenye faili. Tatizo liko wakati wa kutoka.

Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayepima mafuta ya mawese au ya dagaa wa ziwani. Sampuli moja huweza kutumia robo lita ya heksani, kwa hiyo sampuli themanini ni lita 20, na hata akiikeneka, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake uliopoa, na kuitumia tena, mwishoni atabaki na dumu la kimiminika kichafu kinachoshika moto hata katika baridi kali. Bajeti yake ina fedha za kununua heksani, posho za kwenda kuchukua sampuli na gharama za kuchapisha matokeo, lakini haina hata shilingi moja ya kuiteketeza. Katika maabara moja ambayo sitaitaja nimeona madumu ya namna hiyo chini ya sinki: yalikuwa madumu ya mafuta ya kula, moja limevimba ubavuni, na maandishi yake yamefutika nusu kwa sababu kiyeyushi chenyewe kilichuruzika juu ya wino. Aliyeyajaza alikuwa amekwishahitimu na kuondoka.

Dumu lisilojulikana lina nini ndilo linaloua. Mtu akimimina asidi ya naitriki katika chupa yenye mabaki ya ethanoli au asetoni, gesi hujijenga ndani mpaka chupa ipasuke, na huenda ikapasuka wakati yeye ameshageuka kufanya kazi nyingine. Diklorometheni huchemka kwenye nyuzi 40 tu, joto ambalo kontena au stoo ya bati iliyofungwa wakati wa jua kali inaweza kulifikia. Heksani inayovutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Na mwanafunzi, ambaye kisheria si mwajiriwa, ndiye anayebaki humo hadi usiku akivuta hewa hiyohiyo.

Wapo wanaoacha kiyeyushi kikauke ndani ya kabati la kufyonza mvuke na kuona kazi imekwisha. Kabati la kawaida halisafishi chochote. Linautoa mvuke ndani na kuupeleka juu ya paa. Kumimina kwenye sinki ni vibaya zaidi, kwa kuwa heksani huelea juu ya maji na mvuke wake husafiri ndani ya mabomba, ilhali diklorometheni ni nzito kuliko maji na huzama. Hapa kwetu mteremko wote unaelekea Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, ambalo maji yake yana njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa, nasi tunayanywa maji hayo.

Marekani, mwezi Mei 2024, mamlaka ya mazingira ilipiga marufuku matumizi mengi ya diklorometheni, na maabara zikaruhusiwa kuendelea kwa sharti la kupima hewa, isizidi sehemu mbili kwa milioni kwa wastani wa saa nane. Sitarajii tufike huko kesho. Ninachokitaka hakihitaji hata kipimo kipya: kamati za vyuo zinazopitisha maandiko ya utafiti zikatae andiko lolote linaloorodhesha viyeyushi bila kuonyesha gharama ya kuvikusanya, kuvihifadhi na kuviteketeza, na mwanafunzi asisainiwe fomu ya kumaliza chuo kabla mabaki yake hayajapokelewa yakiwa na lebo kamili, yenye klorini, kama ya diklorometheni, yametengwa na yasiyo nayo, kwa sababu hayo ya kwanza huhitaji tanuri la joto kali sana.

Umbali nao si kisingizio kidogo. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na hakuna taasisi moja itakayomudu kusafirisha madumu mawili matatu kwa kibali na gari maalumu. Lakini taasisi za Kigoma na Tabora zinaweza kuchangia stoo moja iliyosajiliwa, yenye hewa ya kutosha na sakafu isiyopitisha kimiminika, na kusafirisha kwa pamoja mara moja kwa mwaka. Wasimamizi wa utafiti nao wanunue chupa ndogo badala ya kurundika, na watumie heptani, kiyeyushi kinachofanana na heksani lakini kisichodhuru mishipa ya fahamu kwa kiasi hicho, pale inapoweza kushika nafasi yake.

Naiomba Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, pamoja na wafadhili wanaotoa fedha za utafiti, waweke kifungu hicho cha gharama katika mikataba ya mwaka ujao wa fedha.

Mtaalamu wa Maabara,
Kigoma.