Njoo Tukaoge Kusatsu

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na kabla hujakata tiketi nikujibu lile swali lililokukosesha usingizi, kama kweli watu huvua nguo kwenye hodhi za chemchemi za maji moto huku Japani: ndiyo, wanavua. Vyote. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Wanawake wana upande wao na wanaume wao, na unachoingia nacho ni kitaulo kisichositiri chochote, tena marufuku kukichovya majini. Unakikunja, unajiwekea kichwani, basi.

Tulikwenda Kusatsu, mji wa milimani mkoani Gunma, mimi na wenzangu wawili wa bwenini, Mvietnamu na Mbrazili. Kutoka Tokyo ni kama saa nne kwa basi, na kadiri linavyopanda ndivyo theluji inavyozidi kandoni mwa barabara. Huko juu ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Unaposhuka tu, pua inakuambia umefika: mayai viza! Ni salfa hiyo. Mbrazili alijifunga skafu usoni, lakini jioni hakuna aliyeikumbuka tena harufu.

Katikati ya mji pana chemchemi yenyewe, wanaiita Yubatake, imezungukwa na nyumba za wageni. Maji hayavutwi kwa pampu, yanabubujika. Ukijumlisha chemchemi zote za mji ni zaidi ya lita 32,000 kila dakika, na Japani nzima hakuna mahali panapotoa mengi hivyo bila kuvutwa. Yanapita kwenye mifereji mirefu ya mbao, mvuke umetanda hadi humwoni mwenzio. Nilidhani mifereji ile ni pambo la kupigia picha, kumbe ina kazi. Maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50, hayaingiliki, na safari ile ya polepole ndiyo inayoyapoza.

Nikamwuliza mama mwenye nyumba tuliyofikia, kwa Kijapani changu cha kuungaunga, kwa nini wasiyachanganye na maji ya baridi yakaisha hayo. Alicheka, lakini niliona nimemgusa pabaya. Ukiyazimua, alisema, umeyaua. Ndiyo maana tangu zamani waliyakoroga kwa mbao ndefu, watu wamejipanga ukingoni wanaimba ili mikono iende pamoja, mpaka joto lipungue. Siku hizi wanawake wa mjini huwaonyesha wageni jinsi ilivyofanywa, kwenye jumba liitwalo Netsu no Yu. Zamani walikuwa wagonjwa wenyewe: wakikoroga, kisha wakiingia pamoja kwa amri ya msimamizi, wakivumilia kama dakika tatu, wakitolewa pamoja. Hata Erwin Bälz, daktari wa Kijerumani aliyefundisha tiba Tokyo karne ya 19, aliyasifia sana maji ya hapa.

Sasa sikia mambo ya kuogea yenyewe. Kwanza unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni hadi utakate, ndipo uende kwenye hodhi. Nywele zifungwe juu. Mimi pale kwenye kigoda nilikuwa nimejikunja, kitaulo sijui nikipeleke juu au chini, na bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu akapita mbele yangu uchi wa mnyama, mgongo umenyooka, akanisalimia kwa kuinamisha kichwa, akaenda zake. Hakuna anayekutazama, shoga. Mimi niliyekuwa mweusi peke yangu humo ndani nilijiandaa kukodolewa macho, nikakuta kila mtu ameyafumba yake.

Halafu mguu ukagusa maji. Wallahi haya zote zilinitoka! Mtu anayeungua hana nafasi ya kufikiria nani anamwona. Unaingia kidogokidogo, unauma meno, kisha ghafla mwili unakubali na mabega yanashuka yenyewe. Yale mabwawa ya vuguvugu unayokaa siku nzima ukipiga soga sasa nayaona mchezo wa watoto. Tulimalizia Sai no Kawara, hodhi kubwa ya nje, theluji inatuangukia vichwani na shingo kwenda chini tunatokota.

Ila usikae sana, toka ukapumzike, unywe maji, ndipo urudi. Na usifikiche macho: yale maji ni makali kama ndimu. Mto unaoyapokea ulikuwa hauna samaki, na asidi ikila hata saruji. Tangu mwaka 1964 wanaumwagia chokaa usiku na mchana ili maji yafae huko chini. Na kwa ile salfa, vito vya fedha viache nyumbani. Pete ya Mvietnamu ilitoka nyeusi tititi, na bado anaisugua.

Jambo jingine ni piko. Najua harusi ya dada yako ni mwezi ujao, nawe hutakubali kukosa maua mikononi. Sehemu nyingi za kuogea huku hazipokei mtu mwenye tatuu, na mlinda mlango hatajua kuwa lako litafutika. Uje likiwa limefifia, au tukodi hodhi ya faragha. Zipo, unalipia kwa muda, mnajifungia wenyewe. Hata ukishindwa kabisa kuvua mbele za watu tutafanya hivyo, ingawa nitakucheka.

Mama asisikie hili: mlima wa juu ya mji ni volkano hai, na Januari 2018 ulilipuka upande wa wanakoteleza kwenye theluji, akafa mtu. Wanaupima muda wote, na hali ikibadilika wanafunga njia za huko juu. Joto la maji linatoka humohumo, hatuwezi kutaka moja tukakataa jingine.

Niambie tarehe mapema. Mwisho wa wiki nyumba zote hujaa, na mimi nataka ile yenye dirisha linalotazama Yubatake.

Wako,
shoga yako wa ughaibuni