Barua kwa Mwalimu Mwenzangu Kuhusu Kifungo na Sindano

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo nyumbani humu. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unaniambia kwamba umekabidhiwa somo la stadi za nyumbani na za maisha kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, kwamba kipindi ni kimoja tu kwa wiki, na kwamba walimu wenzako wamekupa pole. Mimi nakupa hongera, tena ya dhati, kwa sababu miaka yangu yote darasani sijaona somo ambalo mtoto huondoka nalo akiwa amebadilika waziwazi kama hili.

Umeniuliza uanze na nini. Anza na kifungo cha shati.

Najua ulitarajia nikutajie upishi, maana ndio wanafunzi watakaoudai tangu siku ya kwanza. Upishi utafika. Lakini kifungo ni kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, haina moto wala kisu, na matokeo yake hayabishaniwi: ama kimeshika, ama hakikushika. Mpe kila mwanafunzi kipande cha kitambaa, sindano, na kifungo chenye matundu manne. Akate uzi usiozidi urefu wa mkono wake, kwa kuwa uzi mrefu hujisokota na kufanya mafundo, na aukate kwa mshazari ili ncha iingie kwa urahisi katika tundu la sindano. Aukunje uwe mara mbili, apige fundo mwishoni, kisha aanzie upande wa nyuma wa kitambaa ili fundo lisionekane. Kabla hajapitisha sindano kwenye kifungo, aweke njiti ya kiberiti juu ya kifungo, ili uzi upite juu ya njiti hiyo. Watoto wengi hushangaa kuambiwa hivyo, na wewe usiwaeleze sababu mapema. Wapitishe uzi mara nne katika kila jozi ya matundu, wachomoe njiti, wauzungushe uzi uliolegea mara tatu chini ya kifungo mpaka ufanye kishina, ndipo wafunge fundo nyuma. Sasa waambie wakifunge na kukifungua kifungo hicho mara kumi katika tundu la kifungo lililotobolewa kwenye kitambaa kingine. Yule aliyeruka hatua ya njiti atagundua mwenyewe kwamba kifungo chake kimebanwa mno na kitambaa, hakina nafasi ya kupisha unene wa upande wa pili. Hapo hatahitaji maelezo yako, na hatasahau.

Sasa nikueleze jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikae kukuandikia barua ndefu kiasi hiki. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha somo hili alikuwapo mvulana mmoja aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alijaribu mara tatu, mara nne, jasho likaanza kumtoka puani, na mimi nikiwa nimesimama juu yake nikitazama saa. Nikaichukua sindano, nikaitunga, nikamrudishia. Alinishukuru kwa adabu. Wiki iliyofuata aliniletea sindano kabla hata hajajaribu, na wiki ya tatu pia. Nilitambua, kwa uchungu mkubwa, kwamba nilikuwa nimemfundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kazi ikiwa ngumu yupo mtu mzima wa kuichukua. Tangu siku hiyo hutembea kati ya madawati mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo. Naonyesha kwa maneno, nauliza maswali, nasubiri. Kusubiri ndiko kugumu kuliko mambo yote ya somo hili, na hakuna mtu atakayekufundisha chuoni.

Usinielewe vibaya, simaanishi kwamba mtoto aachwe ahangaike bila msaada. Kwanza fanya wewe nao wakitazama, ukisema kwa sauti kila unachokifanya na kwa nini. Kisha fanyeni pamoja, hatua kwa hatua. Mwisho wafanye wao, na sehemu hii ya tatu ndiyo inayostahili kula muda mwingi wa kipindi, ingawa walimu wengi huimaliza kwa dakika kumi za mwisho. Kwa mwanafunzi anayekwama kabisa, igeuze kazi kinyume: wewe fanya hatua zote isipokuwa ya mwisho, yeye apige fundo la kumalizia, mara nyingine afanye hatua mbili za mwisho, kisha tatu. Kwa njia hiyo kila mara anamaliza, na mtoto anayemaliza hurudi kwa hamu. Baada ya wiki nne au tano rudia kazi ileile bila kuwatangazia. Utakachokiona siku hiyo ndicho wanachokijua. Cha siku ya kwanza kilikuwa mwigo tu.

Uliandika kwamba mzazi mmoja tayari ameuliza kwa nini mwanawe wa kiume ajifunze kushona na kufua. Jibu swali hilo kwa upole lakini bila kurudi nyuma hata hatua moja. Huko Japani, kwa miaka mingi baada ya vita, somo la nyumbani katika shule za kati lilikuwa la wasichana huku wavulana wakifundishwa ufundi, mpaka mtaala ulipobadilishwa na kuanzia 1993 wakasoma wote pamoja. Shule za sekondari za juu zikafuata 1994. Huko Finlandi, wavulana na wasichana wote wa darasa la saba husoma somo la uchumi wa nyumbani kwa lazima. Na hata chimbuko la somo lenyewe halikuwa kuwafunza wasichana utumishi. Mmoja wa waasisi wake, Ellen Swallow Richards, alikuwa mwanakemia aliyepima usafi wa maji na vyakula, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, mwaka 1873. Mikutano aliyoiongoza Lake Placid, Marekani, kuanzia 1899 ndiyo iliyolipa somo hili sura ya taaluma. Kwake, nyumba ilikuwa mahali ambapo sayansi huamua kama watu watakuwa wazima au wagonjwa. Mzazi huyo mwambie hivi: mwanao ataishi ndani ya nyumba maisha yake yote, na siku moja hutakuwapo.

Ukifika kwenye upishi, anza na usalama, lakini usiuhubiri. Ufanye uwe mazoezi ya mwili. Mimi huweka kikaango kitupu juu ya jiko lisilowashwa, kisha kila mwanafunzi, mmoja mmoja, hufanya kana kwamba mafuta yameshika moto: anazima jiko, anafunika kikaango kwa mfuniko, anarudi nyuma, wala hakisogezi. Warudie mpaka mikono izoee, kwa kuwa wakati wa hofu kichwa husahau na mikono hukumbuka. Waeleze kwa nini maji hayamwagwi kamwe juu ya mafuta yanayowaka: maji ni mazito kuliko mafuta, huzama chini yake, hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo huyarusha mafuta yenye moto chumba kizima. Nimewahi kuona darasa lenye kelele likinyamaza kabisa kwa maelezo hayo. Aliyeungua apooze mahali pale kwa maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, bila dawa ya meno, bila mafuta. Dakika 20 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Siku moja waache wasimame mbele ya bomba huku saa ikihesabu, wajionee.

Kuhusu kisu nitasema kidogo. Vidole vya mkono unaoshika chakula vikunjwe kama makucha, ncha zikiwa ndani, ubao usiteleze, na kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu hulazimisha nguvu na nguvu ndiyo inayoteleza. Na kwa upande wa usafi, liko onyo moja ambalo siliachi lipite mwaka wowote: dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isichanganywe na siki wala na dawa ya usafi yenye amonia, kwani hutoa gesi yenye sumu inayoweza kumwua mtu katika choo kidogo kisicho na dirisha. Watoto ndio wanaotumwa kusafisha vyoo. Lazima walijue hili.

Jambo jingine, usikubali kamwe kazi iishie pale inapopendeza. Aliyepika ameosha vyombo, amefuta jiko, amekausha ubao, amemwaga takataka. Kabla ya hapo hajapika. Panga muda wako kwa kuhesabu kutoka mwisho, yaani utenge kwanza dakika za kusafisha, kinachobaki ndicho cha kupikia. Mimi nilifanya kinyume kwa muhula mzima na nikawa naosha sufuria peke yangu jioni.

Fedha zifundishe kwa vifungo vilevile. Mpe mwanafunzi mmoja mkopo wa vifungo 100 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni, naye asilipe chochote. Kila dakika moja iwe mwezi mmoja, na mwanafunzi mwingine awe mwenye kuhesabu na kuongeza vifungo mezani. Mwezi wa kwanza ni 110, wa pili 121, na darasa bado linacheka. Mwezi wa saba deni linakaribia 200. Mwezi wa nane limeshapita. Msichana mmoja, mwenye utaratibu wa kukaa kimya nyuma, alisimama akaja mezani, akavihesabu tena mwenyewe kwa kidole, kisha akauliza, "Na kama angekuwa analipa vifungo kumi tu kila mwezi?" Tukahesabu. Deni lilibaki 100, halikupanda wala halikushuka. Aliganda pale akilitazama lile lundo kwa muda, na mimi sikuongeza neno.

Stadi za maisha kwa maana ya kusema hapana, kuomba radhi, kuomba msaada na kutuliza hasira, za aina ya zile ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipanga katika orodha yake ya stadi 10 miaka ya 1990, usizitenge katika vipindi vya mihadhara. Zitokee ndani ya kazi. Wawili wanaogombea mkasi mmoja wamekuletea somo tayari. Zoezi moja tu ndilo ninalolitenga: kupiga simu ya dharura kwa kuigiza, mtoto akitaja kwanza alipo, kisha kilichotokea, kisha waliojeruhiwa ni wangapi, na asikate simu kabla ya kuruhusiwa. Wengi huanza kwa kusimulia kisa na kusahau mahali.

Ushauri mwingine nakuomba uupokee kwa uzito. Katika darasa lako wamo watoto ambao tayari wanapika kila siku na kulea wadogo zao, na wamo ambao hawajawahi kushika ufagio. Usiwafanye wa kwanza waone haya kwa kujua, wala wa pili kwa kutojua. Usiwaulize mbele ya wenzao nyumbani kwao kuna nini, na usitoe zoezi la kufanyia nyumbani linalohitaji kifaa ambacho hukuwapa. Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli, lakini mtoto wa miaka 12 si mbichi kama tunavyodhani; amekwishakunjwa na maisha kwa namna nyingi ambazo hatukuziona. Kwa hiyo wale wanaojua wape kazi ya kufundisha wenzao, nao pia mikono ikiwa nyuma.

Katika kupima, weka daftari moja lenye majina upande mmoja na kazi juu, na kwa kila kazi andika moja kati ya matatu: anaweza peke yake, anaweza akikumbushwa, bado. Neno "bado" linatosha. Halihitaji alama nyekundu. Mwanafunzi aruhusiwe kuja wakati wowote kuomba apimwe upya.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea vifungo 40 vya matundu manne, sindano 12, na kipande cha kitambaa nilichokishonea kifungo mwenyewe, upande wake wa nyuma ukiwa umeachwa wazi ili wanafunzi waone fundo lilipokaa. Njiti za kiberiti utazitafuta wewe. Baada ya kipindi chako cha tatu niandikie, uniambie nani alikwama, alikwama hatua ipi, na wewe ulisubiri kwa muda gani kabla ya kusogeza mkono.

Wasalimie wote walio karibu nawe.

Wako akupendaye,
rafiki yako na mwalimu mwenzako