Barua ya wazi kwa shangazi: mboga za kwetu zilimwe huko huko uliko

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Umeniomba tena nikutumie mgagani mkavu na unga wa mlonge kwa yeyote anayesafiri kuja Marekani. Sitakunyima, ila nakusihi ufikirie pia njia nyingine, kwa maana mboga mbichi za abiria nyingi huzuiwa na forodha ya huko, na majani yaliyoanikwa juani huwa yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya vitamini C kabla hayajafika jikoni mwako.

Njia yenyewe ni kununua hisa ya mavuno katika shamba lililo karibu nawe. Walaji hulipa kabla ya msimu, mkulima akapata fedha za mbegu na vibarua wakati anapozihitaji hasa, kisha kila wiki mwanahisa huchukua kapu lake. Mvua ya mawe ikiharibu shamba, hasara ni ya wote. Wapo wenzetu wanaosema mpango huu ni wa matajiri, nami sikubaliani nao. Ni kweli kwamba mashamba ya kwanza ya namna hii huko yalianza mwaka 1986 katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire, lakini hata kabla ya hapo Booker T. Whatley, profesa wa kilimo wa chuo cha Tuskegee kule Alabama, alikuwa akiwahimiza wakulima wadogo, wengi wao Weusi, waunde klabu za wateja wanaolipa mapema.

Mgagani hupenda joto, kwa hiyo hupandwa baridi ikiisha kabisa. Huwahi kutoa maua, na mkulima asipoyakata mapema majani hupungua. Mwambie hilo, maana pengine hajawahi kuulima. Wewe unajua kuupika kuliko mimi: kuuchemsha, kuutia maziwa na kuulaza hadi kesho yake ili uchungu upungue. Mnavu, kunde na mchicha havina masharti mengi, mradi matunda mabichi ya mnavu yasiingie chunguni, kwa kuwa yana sumu.

Jambo moja nakuomba kwa dhati, shangazi: usiache dawa zako za presha kwa sababu ya mboga hizi. Ni chakula, na chakula kizuri sana, lakini hazichukui nafasi ya vidonge. Tena, kama umeandikiwa warfarini ya kuzuia damu kuganda, mweleze daktari kabla ya kuongeza mboga za majani, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo, na kinachotakiwa ni kula kiasi kisichopandashuka.

Wakulima wengi huandikisha wanahisa kabla ya majira ya kupanda. Usipoona mgagani katika orodha yao, kusanya majina ya kina mama wa kanisani walio tayari kulipa mapema, uwapelekee wakulima hao kabla hawajaagiza mbegu.