Asante, fundi wa cheni na mkono wa mafuta

Fundi wetu wa pikipiki, hukutaka utajwe jina, basi pokea shukrani zetu hivyo hivyo. Umetuachisha kupaka cheni grisi, ambayo hunasa mchanga na kula sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Sasa ni brashi na mafuta ya taa, cheni ikaushwe, kisha oili ya gia namba 90, kidogo tu, upande wa ndani, injini imezimwa na gurudumu likizungushwa kwa mkono. Na ule mkono wa mafuta, kishikio cha usukani cha kuongeza mwendo! Ucheze bure milimita 2 hadi 6 kabla ya kuvuta waya wake, nati ya waya ikazwe, halafu usukani ukatwe kushoto na kulia injini ikiwaka. Mngurumo ukipanda, waya umebana. Kwenye kona, hilo ni uhai wa dereva na abiria. Mungu akuzidishie.