Andikeni Wakati Mama Yupo

Mbukwenyi wanangu,

Nawaandikia ninyi mlio kati ya miaka 45 na 55, watoto wa Dodoma, wengine wenu mliolishwa uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Juzi msibani mmoja wenu alisema ataandika habari za maisha yake akishastaafu, akipata nafasi. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa kwenye mkeka wa watu. Sasa nasema: mwanangu, ukistaafu nafasi utaipata, ila wa kumwuliza hutamkuta.

Mimi nilingoja. Cheti changu kinasema nilizaliwa tarehe 1 Julai 1950. Hiyo ni tarehe ya karani; alinitazama, akakisia, akagonga mhuri. Mama alikuwa na kalenda yake. Wagogo tulihesabu miaka kwa njaa. Bibi yangu, kwa mfano, aliolewa baada ya Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Siku moja mama alinitajia njaa niliyozaliwa nayo. Nikaitikia "ehee" huku nafunga kamba za viatu. Jina la njaa ile silijui mpaka leo.

Na lile jiwe la kusagia! Mwaka 1971, wakati wa Operesheni ya kutuhamishia vijiji vya ujamaa, tembe letu lilibomolewa na jiwe likabaki mahameni, maana lori lilikuwa limejaa. Mama alilitaja miaka yote, kila alipokula ugali wa unga wa mashine. Sikumwuliza alilirithi kwa nani. Nilikuwa na haraka: TANU ilikuwa imeamua, 1973, kuleta makao makuu hapa, nasi vijana tulikuwa tukikimbizana na vibarua.

Basi nunueni kaunta buku. Msianze na "nilizaliwa". Anzeni na kitu mlichokishika, baiskeli ya baba au ndoo ya foleni ya maji. Nendeni Mvumi, nendeni Bahi, mkae na mama anapochambua mlenda, simu inase sauti. Mwacheni aseme Kigogo chake. Shangazi akidakia kwamba haikuwa hivyo, msimnyamazishe; hapo ndipo habari inapokolea.

Yatakuja na machungu: baba aliyepiga, kaka aliyeuza ng'ombe wa mahari ya dada. Yaandikeni. Lakini ukurasa unaomhusu mtu aliye hai, mpelekeeni ausome kwanza, hata kama mtagombana. Vyeo na semina fupisheni, hizo zimo kwenye mafaili ya ofisi na hakuna mjukuu atakayezililia.

Mimi nimeanza kwa kuchelewa, na daftari langu limejaa alama za kuuliza. Kabla mvua hazijashika, nakwenda mahameni na mjukuu wangu kulitafuta jiwe. Nakumbuka mbuyu tu. Mwenye gari linaloweza kuvuka mchanga wa korongo anipitie asubuhi, mafuta nitachangia.

Mzee wenu,
Makole